Kioo cha simu, rezista, damu, jino au tofali: ukipigwa mionzi kwa ajali, kipi kitakwambia umepata kiasi gani?

Mugonile wa Rungwe na Kyela, kamwene wa Iringa na Njombe, na wakubwa zangu wote shikamooni.

Hii mada imetoka kwa mdogo wangu anayenunua skrepa hapa Mbeya. Mwaka jana kuna mtu alimletea chuma kizito ajabu, kiumbo kidogo tu kama debe la rangi, ila ukijaribu kukinyanyua mgongo unalia, na ubavuni kina ile alama ya mionzi ya mapanga matatu meusi kwenye njano, imefifia lakini inaonekana. Namshukuru Mungu alishanisikia nikiisema hiyo alama nyumbani, mimi nafundisha fizikia sekondari, basi akasogea mbali, akawaondoa vijana wote, akapiga simu, wataalamu wakaja na vipimo vyao, ikaonekana ni ganda tupu, kilichokuwa ndani kilishatolewa zamani. Jioni akaja kwangu hata chai hagusi. Akaniuliza, dada, na kama kingekuwemo? Ningejuaje nimepata kiasi gani mimi ambaye sijavaa hata kile kibeji cha kupimia mionzi? Halafu akaongeza, kuna kijana pale yadi kasema eti kioo cha simu kinarekodi, ni kweli au ni stori za kijiweni?

Ni kweli. Ila kioo siyo kitu pekee kinachorekodi, wala siyo cha kwanza ambacho ningekuchagulia, ndo maana nimeona niviweke vyote hapa mtu alinganishe, maana skrepa hapa kwetu inapita nyingi sana, barabara ya Zambia ile pale, reli ile pale, na wanaopima welding za mabomba kwa mionzi ya gama wanapita na vyanzo vyao vya mionzi kwenye magari kila siku.

Na msiseme haya mambo ni ya wazungu. Morocco mwaka 1984, pale Mohammedia, chanzo cha iridiamu-192 cha kupimia welding kilidondoka kutoka kwenye chombo chake, mtu akakiokota akaenda nacho nyumbani, wakafa watu 8, na mwanzoni watu walidhani ni sumu. Misri mwaka 2000, kijijini Meet Halfa, mkulima kaokota iridiamu hiyo hiyo akadhani ni madini ya thamani, akafa yeye na mtoto wake. Brazil mwaka 1987, Goiânia, ndo kabisa hadithi ya skrepa: mashine ya kutibu saratani imeachwa kwenye kliniki iliyohamwa, vijana wakaibomoa, ikauzwa kwa mnunuzi wa skrepa, ndani mna unga wa siziamu-137 unaong'aa bluu gizani, watu wakagawana kama zawadi. Wanne walikufa, 249 walikutwa na uchafu wa mionzi mwilini au nguoni, na watu zaidi ya laki moja walipangwa foleni uwanjani kupimwa. Pale hakuna hata mmoja aliyekuwa amevaa kibeji. Kwa hiyo swali la mdogo wangu ndo swali la Goiânia yote.

Kwanza tuelewane kioo kinarekodije. Mionzi ya gama ikipita kwenye glasi inang'oa elektroni, nyingi zinarudi kwao hapo hapo, ila baadhi zinanasa kwenye vikasoro vidogo vilivyomo ndani ya glasi kama panya kwenye mtego. Zinakaa humo. Ukichukua kipande cha ile glasi ukakipasha moto kwenye mashine, kupanda mpaka nyuzi mia nne hivi, zinachomoka, na katika kuchomoka zinatoa mwanga hafifu mno ambao jicho halioni ila mashine inauhesabu. Mwanga mwingi maana yake ulipigwa sana. Hiyo ni njia ya joto. Kuna njia ya pili ya kuzitoa kwa kumulika taa ya bluu badala ya moto. Na ya tatu ni mashine ya EPR, hiyo haizitoi kabisa, inaweka kipande ndani ya sumaku kubwa na kuzihesabu zikiwa humo humo mtegoni. Kumbukeni hii tofauti maana ni kubwa: joto na taa zinafuta kumbukumbu wakati zinaisoma, EPR unaweza kurudia kusoma hata kesho.

Na wakishasoma wanakipiga kile kile kipande dozi wanayoijua wao, wanasoma tena, halafu wanalinganisha. Yaani kila kipande kinakuwa rula yake chenyewe. Mimi hapo ndo huwa napapenda kuliko pote, kwa sababu glasi za simu hazifanani, ya kampuni hii ina aluminiamu nyingi, ya ile ina boroni, na bado namba inapatikana.

Vipimo: tunaongelea grei, yaani kipimo cha dozi ya mionzi, na miligrei ambayo ni sehemu moja ya elfu ya grei. Mtu wa kawaida anaruhusiwa kama milisiveti 1 kwa mwaka kutokana na shughuli za watu, mfanyakazi wa mionzi wastani wa 20 kwa mwaka, na kwa gama milisiveti na miligrei chukulia tu ni sawa. Ukifika grei 1 mwili mzima kwa mkupuo, kutapika kunaanza kuwa jambo la kawaida, ukifika kama 4 bila matibabu nusu ya watu hawaponi. Daktari kwenye ajali kubwa hahitaji namba ya desimali tatu, anataka kujua huyu yuko chini ya 1, huyu kati ya 1 na 2, huyu juu ya 2, ili ajue nani alazwe leo na nani arudi nyumbani akapumzike. Kila kifaa hapa chini kipimeni kwa hilo.

Sasa kioo na rezista, maana viko kwenye simu moja

Watu wengi wanasikia kioo tu. Ila ukifungua simu, kwenye bodi kuna vile vijidude vidogo kama punje ya ufuta au chini ya hapo, vyeusi juu na vyeupe chini, hizo ni rezista, na ule weupe ni seramiki ya alumina. Alumina hiyo ni ndugu wa karibu wa kitu kinachowekwa kwenye baadhi ya vibeji vya wafanyakazi wa mionzi, kwa hiyo bila kujua umetembea na kitu kama kibeji mfukoni miaka yote. Watafiti wa Ulaya na Canada walianza kulifanyia kazi hili kwa bidii miaka ya 2000 kuelekea 2010 na baadaye maabara nyingi zikaungana kwenye mtandao unaoitwa RENEB kufanya mazoezi ya pamoja, wanatumiana simu zilizopigwa mionzi kwa dozi iliyofichwa halafu kila maabara inataja dozi.

Rezista zinashinda kioo kwenye jambo moja kubwa: zinaanza karibu na sifuri. Simu mpya ambayo haijapigwa mionzi, rezista zake karibu hazisemi kitu. Kwa hiyo zikipimwa mapema unaweza kuona hata makumi ya miligrei, ikiwa mapema kabisa hata 10 hivi. Kioo kinyume chake, kina kelele yake ya kuzaliwa, yaani hata kioo kipya kikipashwa moto kinatoa mwanga kana kwamba kilishapigwa mamia ya miligrei, ni hali yake tu ya kiwandani na mwanga wa jua. Zipo mbinu za kuipunguza, wanakwangua sura ya juu kwa asidi kali, au wanakimulika kwanza kwa taa ya bluu kabla ya kupasha, ndo kinashuka kufikia kiwango cha kusaidia. Bado kwa dozi ndogo kioo hakimfikii rezista.

Ila rezista ina ugonjwa wake, inasahau. Ndani ya wiki moja au mbili kumbukumbu inaweza kuwa imepungua hata nusu, na hiyo ni gizani bila jua. Maabara wanajua mkunjo wa kusahau huko kwa hiyo wanarekebisha hesabu, ILI MRADI ujue ajali ilikuwa siku gani. Usipojua tarehe umeshapoteza nusu ya faida. Kioo nacho kinafifia, kasi inategemea aina ya glasi, nacho kinataka tarehe.

Kingine rezista zinataka mikono. Unazichomoa moja moja kwenye chumba chenye taa nyekundu tu, kama zamani wapiga picha walivyosafisha filamu, unakusanya kama kumi ndo unaweka kwenye kikombe cha mashine. Kwenye simu za sasa zimekuwa ndogo mno, na ukishazing'oa ile simu imekufa. Hapo kioo kinalipa kisasi, sababu kioo unabadilisha tu. Ukienda Mwanjelwa na pesa yako fundi anakutolea LCD anakuwekea nyingine, mwenye simu anaondoka na simu yake, namba zake, picha za watoto na M-Pesa yake, na maabara inabaki na kioo. Usidharau hili. Siku ya ajali ya kweli watu mia tatu wanaogopa, nani atakubali kukabidhi simu ikauawe na ndo kitu pekee anachompigia mama yake? Hata mimi ningesita.

Vioo vyenyewe ni viwili, mnisikilize hapa

Kioo cha simu kubwa za sasa kina tabaka. Kile cha juu unachogusa, ndo kigumu, halafu chini yake glasi nyembamba ya skrini yenyewe. Mtu asiyejua atachukua cha juu kwa sababu ni kikubwa na kinene. Mimi ningechukua cha ndani. Cha juu kimeota jua maisha yake yote, na mwanga wa jua unachanganya kumbukumbu, unafuta nyingine na kwenye EPR ile miale ya urujuanimno inaacha alama zake zinazofanana na za mionzi. Na jua la kwetu huku mnalijua, Mbeya tuko kama mita 1,700, Njombe wako juu zaidi, baridi inakudanganya ila miale inachoma. Cha ndani kimejificha nyuma ya mwenzake. Tena kitochi cha bibi ambacho uso wake wa juu ni plastiki tu, usikitupe, ndani ya ile plastiki skrini yenyewe ni glasi, na rezista za simu za zamani ni kubwa zinashikika.

Protekta? Zimejaribiwa pia, nazo ni glasi zile ngumu, na uzuri wake unaitoa bila kugusa simu. Ila ndo inayoota jua kuliko vyote, na watu wanabadilisha kila baada ya mwezi.

Kwa EPR, glasi ya simu na hata ya dirisha inaanza kueleweka kuanzia grei 1 au 2. Hicho ni kiwango cha kumtenga mgonjwa mahututi na wengine, siyo cha kumtuliza mtu aliyepata kidogo. Dirisha lina shida nyingine, halitembei na wewe. Linakwambia nyumba ilipata nini, wewe ulikuwa shambani.

Macho hayasaidii chochote hapa, maana kuna mtu aliniuliza kama kioo kinabadilika rangi. Glasi inageuka kahawia kweli ikipigwa, ndo maana kwenye vyumba vya nyuklia wanatumia glasi yenye seriamu isifanye hivyo, lakini hizo ni dozi za maelfu ya grei. Kioo chako kikiwa cheupe kabisa wewe unaweza kuwa umeshapata ya kukuua.

Historia ya simu yako ndo itakayoharibu au kuokoa kipimo

Hapa ndo nataka tukae kidogo kwa sababu haya mambo yameandikwa na watu ambao simu yao wanainunua dukani mpya, wanakaa nayo mfukoni, wanaitupa. Sisi hatuishi hivyo. Wangapi hapa simu yako ni yused? Wangapi kioo kimeshabadilishwa mara mbili? Kioo alichokuwekea fundi huenda kimekaa juani kwenye meza yake miezi, na huenda kimetoka kwenye simu nyingine. Siyo kwamba hakifai, kinafaa kwa ajali iliyotokea baada ya kuwekwa, ila lazima maabara waambiwe.

Kubwa zaidi ni chaji. Vijijini kule Ileje au Makete mtu anaacha simu kwenye kibanda cha kuchajia asubuhi anaichukua jioni. Ukipimwa kioo, umepimiwa kibanda, hukupimwa wewe. Au simu moja watu watatu, mchana kwa baba, jioni kwa mama, usiku mtoto anaangalia video. Simu inapima ilipokuwa yenyewe.

Na hata kama ilikuwa mfukoni mwako, mfuko upi? Chanzo kidogo kama iridiamu kikiwa kiganjani, mkono unapata mara mia ya kifua, dozi inashuka haraka sana ukisogea. Peru mwaka 1999, Yanango, fundi welding aliokota chanzo akaweka mfuko wa nyuma wa suruali, kilichoharibika ni paja na nyonga, ikabidi akatwe mguu. Simu yake kama ingekuwa mfuko wa shati ingesema kitu kingine kabisa, na isingekuwa inadanganya. Kwa hiyo maabara wana hesabu za kubadilisha dozi ya simu kuwa dozi ya viungo, ila zinataka uwaambie: mfuko gani, umekaa au umesimama, chanzo kilikuwa upande gani, muda gani.

Damu, ukiilinganisha na simu

Damu inamjibu daktari kuhusu mwili wenyewe. Mionzi inakata kromosomu, zinajiunga vibaya, unapata kromosomu yenye vitovu viwili badala ya kimoja, mtaalamu anazihesabu kwa darubini. Ndo kipimo ambacho Goiânia walikitegemea kwa zaidi ya watu mia moja. Akihesabu seli mia tano mpaka elfu anaona hadi grei 0.1 hivi, akihesabu hamsini tu kwa haraka anaona kuanzia kama nusu grei. Uzuri: haijalishi simu ilikuwa wapi. Ubaya: seli zinaoteshwa siku mbili kwanza, jibu linatoka baada ya siku tatu hivi, na mtu mmoja mwenye ujuzi anaweza kuhesabu wagonjwa wachache tu kwa siku. Watu elfu wakija mlangoni hakuna maabara itakayowamaliza wiki hii. Simu ukishaipata kwenye meza unaisoma ndani ya saa chache, na mashine inafanya bila kuchoka macho.

Kwa hiyo siyo simu au damu. Simu inapanga foleni, damu inathibitisha waliokaa mbele ya foleni. Na kabla ya vyote viwili, saa ya kwanza kutapika. Mtu aliyetapika ndani ya saa moja au mbili asisubiri kioo wala rezista, apelekwe hospitali na mtu aandike saa aliyotapika. Picha kamili ya damu ya kawaida, ile ya kuhesabu limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu, inayopatikana hata hospitali ya wilaya, ikirudiwa kila saa kadhaa na kuonekana inaporomoka, inamwambia daktari mengi mapema kabisa.

Kuna kitu simu haiwezi kabisa, na mtu wa skrepa anatakiwa akijue kuliko mwingine yeyote: haiwezi kuona ulichomeza. Goiânia kuna mtoto wa miaka 6 alikula akiwa na ule unga mikononi. Siziamu ikiingia ndani inakupiga kutoka ndani siku baada ya siku, na kioo cha simu mezani hakijui. Hapo ni kupima mkojo na mwili mzima, na dawa inaitwa Prussian blue. Rezista ikikwambia umepata kidogo huku mikono yako ina unga, usitulie.

Jino na tofali, kama muda umeshapita

Tuseme umegundua baada ya miaka. Rezista imeshasahau, damu nayo zile kromosomu zinapungua taratibu. Jino halisahau. Enameli, lile gamba gumu la nje la jino, inashika alama ya mionzi kwa muda usioisha kwa kipimo cha maisha ya mtu, EPR inaisoma, maabara nzuri inaona hadi miligrei 100 hivi. Waliosafisha Chernobyl walipimwa hivyo, na walionusurika Hiroshima pia. Tatizo ni wazi, jino liwe limeng'olewa. Hakuna anayeng'olewa jino zima kwa ajili ya kipimo, ila kama utang'olewa kwa sababu nyingine, mwombe daktari akupe, liandike jina na tarehe. Eksirei za meno nazo zinaongeza kidogo, waambie.

Tofali ndo la kwetu kabisa. Ukitoka Iringa mpaka Tukuyu barabarani matanuru yanafuka, na tofali la kuchoma lina chembe za kwazi (quartz, madini ya kwenye mchanga) ndani yake ambazo zinanasa elektroni vizuri kuliko glasi na zinakaa nazo miaka mingi. Moto wa tanuru ulifuta kila kitu, ukaweka saa kwenye sifuri. Toka siku hiyo tofali linahesabu. Hiroshima na Nagasaki walitumia vigae na matofali kusahihisha dozi za bomu miaka mingi baadaye, na Urusi kando ya mto Techa, uliochafuliwa na taka za nyuklia, hivyo hivyo.

Ila tofali halihesabu ajali tu, linahesabu na ardhi yenyewe, kama miligrei 3 hadi 4 kwa mwaka. Nyumba ya miaka 20 ina kama 60 mpaka 80 ambazo hazihusiani na ajali, unazitoa. Nyumba mpya ni bora kuliko ya babu, kwa maana ya kuona kidogo kilichoongezeka. Na hapa mchague vizuri: tofali bichi halifai, lilikaushwa na jua tu, ndani yake bado kuna kumbukumbu ya udongo ya maelfu ya miaka. Hata kwenye tanuru, yale ya pembeni kabisa yaliyotoka mekundu hafifu, ambayo ukiyagonga hayalii, huenda hayakupata moto wa kutosha. Chukua lile linalolia. Na ukate kutoka ukuta wa nje unaotazama palipotokea ajali, halafu maabara wanatupa ule upande wa juu ulioota jua, wanatumia wa ndani.

Tofali linajibu swali la mtaa. Mtu binafsi halimjui.

Sasa ungechagua kipi

Kama wewe unafanya kazi na mionzi kila siku, mpima welding, fundi eksirei, mtu wa mgodi, usiniulize habari za kioo. Vaa kibeji. TAEC, yaani Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ndo wanahusika na kuvisoma, mwajiri anatakiwa kukupa, na hakuna rezista inayokifikia. Kuna kaka namfahamu alikuwa anaacha kibeji kwenye droo ili kisisome kikubwa asije akasimamishwa kazi. Nilimwambia machozi yakinilenga, kaka, siku ukihitaji ile namba droo ndo itakuwa imepona.

Kama wewe ni mtu wa skrepa, dereva, mama wa mgahawa jirani na yadi, na jambo limetokea leo au wiki hii: rezista kwanza, kioo cha ndani pili, na simu zote mbili kama una mbili. Ikipita mwezi, tegemea zaidi damu na kioo kama msaada. Ikipita miaka, jino kwa mtu na tofali kwa mahali. Kama dozi inayoshukiwa ni kubwa, yaani watu wanatapika, kioo chochote kinatosha kupanga foleni hata kikiwa cha juu kilichopasuka. Kama ni ndogo na unataka amani ya moyo tu, ni rezista na damu ya kuhesabiwa vizuri, kioo kitakuacha na mashaka.

Sampuli zitasafiri, tena inawezekana nje ya nchi, IAEA, shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, wana mtandao wa RANET ambao nchi ikiomba msaada maabara za nchi nyingine zinapokea. Kwa hiyo mnachofanya saa ya kwanza hapa hapa ndo kitaamua kama kipimo kitakuwa na maana. Mdogo wangu nimemwandikia kwenye boksi la kadibodi kabandika ukutani pale yadi, na vijana wake wote wamesoma:

Sogea mbali, piga simu, usirudi kuangalia tena. Zima simu. Usiipeleke kwa fundi, usibadilishe kioo, usiipashe moto, usiiweke kwenye dashibodi ya gari. Ifungie kwenye foili au kitambaa kizito cheusi, mahali pa baridi. Juu ya bahasha andika jina lako, tarehe, saa uliyofika karibu na kile chuma na saa uliyoondoka, simu ilikuwa mfuko gani upande gani, lini kioo kilibadilishwa mara ya mwisho, na kama leo uliiacha kwenye chaji, iliachwa wapi.

Alipomaliza kukibandika akaniuliza kama tofali za ukuta wa yadi ni za kuchoma. Nikazigonga na funguo. Tatu zililia, ya nne haikulia.